Saa iliyogoma kutoka majini: historia ya kupima kina, ikianzia Mbuchi

Hebu fikiria uko chumbani Mbuchi, usiku, taa ya sola inaanza kufifia. Mezani kuna saa ya kupiga mbizi. Imetolewa majini tangu adhuhuri, mkanda wake umekauka mpaka umekuwa mgumu kama ngozi ya ngoma. Unaichukua uangalie saa ngapi, na yenyewe inakuambia kwamba uko mita 0.6 chini ya maji. Tena inahesabu dakika: eti mbizi yako bado inaendelea.

Mimi nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba kwa siku nne nilikuwa nimewapa watu vina vya maji kutoka kwenye saa hiyohiyo, na kicheko kikaisha.

Kabla sijafika kwenye balaa lenyewe, nikueleze nilikuwa nafanya nini. Utafiti wangu unahusu jinsi mifereji ya delta ya Rufiji inavyojaa tope au kuchimbika. Hii delta ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko Afrika Mashariki, karibu hekta 53,000, na mto unaoilisha unakusanya maji ya kama moja ya tano ya Tanzania bara. Tangu Desemba 2022, bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, sehemu ya tope iliyokuwa ikishuka mpaka baharini inabaki juu huko. Kwa hiyo swali la mifereji ipi itakuwa na kina gani baada ya miaka kumi si la kufurahisha wasomi tu. Mtu wa delta analala na kuamka nalo. Wazee watakuambia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya mafuriko makubwa, mto uliamua kumwaga maji yake mengi upande wa kaskazini, na chumvi ikapanda kwenye mashamba ya mpunga ya upande wa kusini. Hakuna aliyeombwa ruhusa.

Sasa, kupima kina kunahitaji kifaa. Vipo vifaa maalumu vya kuachwa majini vikaandika vyenyewe, lakini bei yake ingemaliza bajeti yangu yote na mafuta ya boti juu. Rafiki yangu anayepiga mbizi alikuwa na saa ya zamani yenye kipimo cha kina, ile inayokumbuka kina kikubwa zaidi ilichofika. Nikaona nimepata. Naifunga kwenye kamba pamoja na jiwe, nashusha mpaka chini, navuta, nasoma. Nani anahitaji mamilioni?

(Pembeni kidogo: kwa Kiswahili kifaa kinachohisi kitu tunakiita kihisi, ingawa wengi tunasema tu "sensa". Usifanye kosa nililofanya. Nilipowaambia watu wa Mbuchi nimekuja na sensa yangu, mama mmoja akaniuliza kwa upole kama ile ya 2022 haikutosha, maana kaya yake ilishahesabiwa.)

Nahodha wangu, mzee aliyezaliwa humohumo kwenye mikoko, aliitazama kamba yangu siku ya kwanza akaniuliza: "Mwalimu, si upime kamba tu? Au usome upondo?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba kamba inadanganya. Na hapo nilikuwa sahihi kabisa, na sababu yake ndiyo historia ninayotaka kukusimulia.

Kwa karne nyingi, kupima kina kulikuwa ni kupima urefu. Kwenye pwani yetu chombo hicho kinaitwa bildi: kipande cha risasi kwenye kamba yenye alama. Unatupa, unasikia imegonga, unahesabu pima ngapi zimezama. Penye maji haba unatumia upondo, ambao pia unakusukumia mtumbwi. Jahazi zilizokuja Rufiji kupakia boriti kwa ajili ya nyumba za Uarabuni na Ghuba zilitegemea kamba na macho ya watu wanaoijua njia. Mwaustralia Alan Villiers alifika na mojawapo kutoka Kuwait mwaka 1939, akakaa deltani wakati boriti zikikatwa na kupakiwa, na akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Ni chombo kikubwa cha mbao, kinaingia kwenye mto wa matope, na kifaa cha kisasa kuliko vyote ni mtu aliyesimama mbele.

Tatizo la bildi ni mkondo. Maji yanapokupwa kwa nguvu, kamba haishuki wima. Inapinda kama upinde, na wewe juu unahesabu urefu wa upinde ukidhani ni kina. Ukitoa mita 7 za kamba, huenda maji ni mita 5. Meli ikiwa inatembea ni mbaya zaidi. Ilibidi kusimama kila mara ukitaka kupima kwa uhakika.

Aliyelichukia tatizo hili kuliko wengine alikuwa William Thomson, mwanafizikia wa Glasgow ambaye baadaye alipewa cheo akaitwa Lord Kelvin. Kwanza aliondoa kamba nene ya katani akaweka waya wa piano, mwembamba, usiosukumwa sana na maji. Mwaka 1872, akiwa kwenye mashua yake ya matanga katika Ghuba ya Biscay, aligusa nacho sakafu ya bahari kwenye pima 2,700, karibu kilomita 5. Lakini mwaka 1876 akafanya kitu cha akili zaidi: akaacha kabisa kupima urefu wa waya.

Badala yake alishusha bomba jembamba la kioo, la kama futi mbili, lililozibwa juu na kuachwa wazi chini. Ndani mna hewa. Kadiri linavyozama, maji yanaisukuma hewa ipande juu. Hii ni kanuni ya Boyle uliyokariri sekondari, ya mwaka 1662: mgandamizo ukiongezeka maradufu, hewa inabaki nusu. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya kichwa chako. Kwa hiyo kwenye mita 10 hewa ya bombani imebaki nusu, kwenye mita 30 imebaki robo. Ukitaka kujua maji yalipanda mpaka wapi baada ya kulivuta bomba? Thomson alipaka ndani yake kromati ya fedha, ambayo ni nyekundu, na chumvi ya bahari ikiigusa inageuka kuwa nyeupe. Unasoma mpaka wa rangi, basi.

Waya ulale, upinde, uzungukezunguke, hakuna shida. Bomba halijui urefu wa waya. Linajua tu uzito wa maji yaliyo juu yake.

Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama mimi mbele ya nahodha wangu. Saa inapima mgandamizo, kwa hiyo mkondo hauihusu. Akaniambia haya. Kwa namna alivyosema "haya", ningepaswa kujua.

Ona lakini udhaifu uliokuwa ndani ya bomba la Thomson tangu mwanzo. Lazima liwe wazi. Kifaa kinachopima mgandamizo wa maji hakiwezi kujifungia. Lazima kiwe na tundu mahali fulani ambapo maji yanaingia na kusema neno lao. Bomba hilo ungelishusha Rufiji wakati wa masika, maji matamu yamejaa mpaka karibu na bahari, lingekosa hata chumvi ya kubadilishia rangi. Na ungeligusisha sakafu ya Mbuchi, lingerudi na tope badala ya jibu. Wapiga mbizi wa zamani waliotumia vijibomba vya plastiki vya aina hiyohiyo mkononi walilijua hilo: uchafu kidogo mdomoni, na kipimo kimekufa.

Baada ya Thomson njia ya kuifikia saa yangu ilipita sehemu mbili. Ya kwanza ni ya chuma: mwaka 1849 Mfaransa Eugène Bourdon alikuwa ameshapata hati ya bomba lililokunjwa kama konokono, ambalo mgandamizo ukiingia linajaribu kujikunjua na kuvuta mshale. Bado unaliona kwenye mitungi ya gesi na boila. Ya pili ni ya umeme, na hapa tunamkuta tena Thomson huyohuyo. Mwaka 1856 aliripoti kwamba waya wa chuma au wa shaba ukivutwa, ukinzani wake wa umeme unabadilika. Kidogo mno, lakini unabadilika. Yaani mtu huyu alikuwa na nusu mbili za saa yangu mkononi, miaka 20 kati ya moja na nyingine, na sidhani kama aliziona kuwa ni kitu kimoja.

Nusu hizo ziliunganishwa karibu karne moja baadaye. Mwaka 1954 Charles Smith alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba silikoni na jemani zikikandamizwa hubadilisha ukinzani wake kwa kiasi kikubwa mara nyingi kuliko metali. Kuanzia hapo ukawa na uwezo wa kutengeneza kiwambo kidogo kuliko ukucha wa mtoto, chenye vikinzani vinne juu yake, na kikajua kama kimekandamizwa na mita 3 za maji au 4.

Ukisikia "saa ya kupiga mbizi" labda unawaza zile za mwaka 1953, Fifty Fathoms ya Blancpain na Submariner ya Rolex. Zile hazikujua kina hata kidogo. Zilijua muda tu, na pete yake ya kuzungusha ilikuwa ya kukukumbusha umezama lini. Muda ulikuwa ni uhai, kwa sababu tangu mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake walikuwa wamechapisha majedwali, baada ya majaribio mengi kwa mbuzi, yanayoonyesha mpiga mbizi apande taratibu kiasi gani ili naitrojeni isichemke mwilini mwake. Majedwali yanadai vitu viwili: umekaa muda gani, na kina gani. Saa ilijibu swali la kwanza, kipimo kingine mkononi kikajibu la pili. Ndipo mwaka 1985 kampuni ya Citizen ya Japani ikatoa Aqualand, saa ya mishale yenye kihisi cha kina cha umeme kimechomoza ubavuni kama chunusi. Saa niliyoazimwa mimi ni ya ukoo huo wa vitu, si ya kampuni hiyo, na nitaiacha bila jina kwa sababu kosa, kama utakavyoona, lilikuwa langu.

Lakini kabla hatujairudia, lazima nikupeleke mahali ambapo kina cha maji ya Rufiji kilikuwa siri ya vita.

Septemba 20, 1914, meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar. Kisha, ikiwa na mitambo mibovu, ikatoweka. Waingereza wakaitafuta pwani nzima. Mwisho wa Oktoba wakaigundua: ilikuwa ndani ya delta ya Rufiji, karibu na Salale, imejificha nyuma ya mikoko. Meli ya urefu wa kama mita 115, inayohitaji maji ya zaidi ya mita 5 ili ielee. Wajerumani walikuwa na vipimo vya meli yao ya upimaji, Möwe, na walijua mfereji unaopitika. Waingereza hawakuwa na ramani ya kuaminika. Meli zao kubwa zilibaki nje, zinaona milingoti, haziwezi kusogea bila kukwama.

Kwa hiyo kilichoilinda Königsberg kwa miezi minane kilikuwa tarakimu: mita ngapi, mahali gani, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa. Novemba 10 Waingereza waliizamisha kwa makusudi meli ya makaa iitwayo Newbridge kwenye mfereji wa Suninga ili kuziba njia, na baadaye wakawa na mashaka kama wameziba kitu, maana delta ina midomo mingi na hawakujua vina vya midomo mingine.

Walichofanya baadaye ndicho kinachonifurahisha. Himaya yenye mashine za Kelvin kwenye meli zake ilimchukua mwindaji wa tembo, Pieter Pretorius, ikamtuma aingie kwa mtumbwi na wasaidizi Waafrika, usiku, apime mifereji. Kwa vifaa gani? Upondo na macho. Alilazimika pia kukaa akifuatilia maji yanavyojaa na kupwa, kwa sababu kina cha Rufiji si namba moja. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mahali pa mita 3 asubuhi panaweza kuwa mchanga mtupu mchana. Bila ratiba ya maji, kipimo chochote ni nusu ya sentensi. Jina lake limeandikwa vitabuni. Waliomwonyesha njia, ambao bila shaka walivijua vina vile kabla hajazaliwa, wengi hawakuandikwa.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyoruhusu kuletwa kwa meli mbili za ajabu, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Zilihitaji maji ya kama mita 1.7 tu. Zikakokotwa kutoka Malta kupitia Suez mpaka Mafia, ambayo Waingereza walikuwa wameiteka Januari 1915. Julai 6 ziliingia kwa mdomo wa Kikunja, zikapigana mchana kutwa, zikapigwa, zikarudi. Julai 11 zikaingia tena, ndege ikielekeza mizinga yao kutoka juu, na safari hii Königsberg ikawaka. Nahodha wake, Max Looff, akaamuru ilipuliwe isije ikachukuliwa. Wajerumani baadaye waliopoa mizinga yake kumi, wakaiburuta nchi kavu na kuendelea kupigana nayo. Gofu la meli lilibaki mtoni, likikatwakatwa chuma kidogokidogo, mpaka katikati ya miaka ya 1960 likaporomoka na kumezwa na tope.

Mita 5.3 dhidi ya mita 1.7. Ukitaka kuieleza vita ile kwa namba mbili, ndizo hizo, na ya tatu iliyokuwa katikati yao ilikuwa inabadilika kila baada ya saa sita.

Turudi Mbuchi, kwenye vita yangu ndogo.

Saa ilianza kunisumbua siku ya pili. Inagoma, naiosha, inakubali. Siku ya tatu inagoma tena. Nikawa kama mtu mwenye pikipiki mbovu: naipiga teke, inawaka, nasahau. Nilidhani ni tatizo moja linalojirudia. Kumbe yalikuwa matatu, yanapokezana.

Chini ya tundu dogo ubavuni mwa saa kuna kiwambo, kama cha ngoma, chembamba sana. Nyuma yake mafuta, nyuma ya mafuta ile silikoni. Mimi nilikuwa naigusisha saa sakafuni mara 40 kwa siku. Tope la delta si mchanga. Ni udongo laini unaoingia popote. Ukiwa umelowa haudhuru sana, mgandamizo unapita. Ila saa ilikuwa inakauka juani kati ya kituo na kituo, tope na chumvi vinaganda tunduni, na kila tabaka jipya linakisukuma kiwambo kidogo. Kihisi hakijui tofauti ya maji na tope linalosukuma. Kinasema tu: nimekandamizwa. Hilo la kwanza.

La pili ni vijipini viwili vya chuma nyuma ya saa. Vikilowa, umeme kidogo unapita kati yake, saa inajua imeingia majini na inaanza kuhesabu mbizi. Vikikauka, inajua imetoka, na hapo inajisahihisha: mgandamizo wa sasa ndio sifuri. Lakini tope lenye chumvi likiganda kati ya vipini hivyo, linapitisha umeme hata likionekana kavu. Saa yangu haikuwahi kutoka majini kwa siku nne. Haikujisahihisha hata mara moja. Na kwa sababu ilikuwa macho muda wote, betri ikawa inaisha, ambalo ndilo la tatu, na ndilo pekee nililolishughulikia. Nilibadilisha betri, nikajipongeza.

Yapo na makosa madogo ambayo nilikuwa nimeyahesabu kwa makini, na hili linaniudhi mpaka leo. Vipimo vya aina hii kwa kiwango cha Ulaya, EN 13319, hudhani maji ni mazito kidogo kuliko maji matamu; ukiwa kwenye maji ya mto, mita 5 zitasomeka pungufu kwa kama sentimita 10. Nililisahihisha. Hewa ya ukanda wetu inapanda na kushuka mgandamizo mara mbili kwa siku, inafika juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hiyo inakupa sentimita 2 au 3 za uongo. Nililisahihisha pia! Nilikuwa nafukuza sisimizi na tembo amekaa kwenye mtumbwi.

Sasa balaa. Siku ya nne jioni alikuja mama mmoja anayenunua kamba kwa wavuvi na kuwapeleka sokoni kwenye maboksi ya barafu. Alisikia kuna mtu anapima maji. Akaniuliza: "Mwanangu, pale kwenye mlango wa mkono ule mdogo, maji yakipwa hizi siku za maji mafu, yanabaki kiasi gani? Nikipita pale nafupisha njia." Nilikuwa nimepima palepale siku hiyohiyo, maji yamekupwa. Nikafungua daftari. Mita 1.3, mama. Boti yake ikibeba mzigo inahitaji kama mita 0.9. Akashukuru, akaondoka.

Nahodha wangu alikuwapo. Alisema, "Mimi upondo wangu hauniambii hivyo," na mimi, Mungu anisamehe, nikasema upondo unazama kwenye tope kwa hiyo hauaminiki. Fikiria kidogo hoja hiyo. Upondo unaozama kwenye tope unaonyesha kina kirefu zaidi, siyo kifupi. Kama upondo wake ulisema maji ni machache kuliko saa yangu, hoja yangu ilikuwa inampa ushindi yeye. Shahada ya kwanza na ya pili, na sikuliona.

Boti ilikwama kesho yake asubuhi, maji yakiendelea kupwa. Walikaa juani zaidi ya muda wa saa tatu mpaka maji yaliporudi. Barafu ikayeyuka, na kamba wa boksi mbili wakaharibika. Usiku uliotangulia, wakati boti inapakiwa, mimi nilikuwa chumbani nimelala. Ni usiku uliofuata ndipo nilipoitazama saa mezani na kuona 0.6. Toa 0.6 kwenye 1.3. Inabaki 0.7.

Nilikwenda kumwomba radhi asubuhi. Niliandaa maelezo marefu kuhusu viwambo na vipini. Nilipomwamkia akaitikia, akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza swali moja: "Na zile namba nyingine ulizowapa watu?"

Ndiyo maana siku tatu zilizofuata sikupima kitu kipya. Nilizunguka na nahodha vituo vyote, yeye na upondo uliotiwa alama za rangi kila sentimita 10, mimi na daftari, tunafuta. Penye kina kirefu tulitumia kamba na jiwe, lakini maji yakiwa yamesimama kati ya kujaa na kupwa, dakika chache ambazo mkondo unatulia na kamba inashuka wima. Ni ufumbuzi wa kizamani kuliko Thomson, na unafanya kazi, ila unakupa vituo vichache sana kwa siku. Hasara ya boksi mbili nililipa nusu. Nusu nyingine mama alikataa kupokea, na sijui kama ni huruma au ni kunifanya nikumbuke.

Kama na wewe unatumia kifaa cha aina hii kwenye maji ya tope, mambo niliyojifunza ni haya. Usichokonoe tundu kwa sindano. Nilijaribu na kiwambo kimoja cha saa nyingine kilitoboka, nayo ikafa moja kwa moja. Loweka kwenye maji matamu ya vuguvugu usiku kucha, tope litoke lenyewe. Usiiache ikauke na tope lake kati ya vituo, ibaki kwenye ndoo. Piga mswaki laini vile vipini. Na kila asubuhi na kila jioni soma inachosema ikiwa nje kavu, uandike, hata kama ni sifuri. Hasa kama ni sifuri.

Saa bado ninayo. Kila asubuhi kabla ya kushuka mtoni naizamisha kwenye kopo la bati ambalo nimelipima kwa rula, maji ya sentimita 50 kamili. Nahodha hupita, huchungulia ndani ya kopo, huangalia namba, kisha huchukua upondo wake na kwenda kuwasha mashine. Leo ilisema 0.5. Jana ilisema 0.7, na hatukwenda nayo.